Akwariamu ya matumbawe ya lita 2,400 nyumbani Mwanza: nijue nini kabla ya kumwaga jamvi?

MamaBwiru

Wakuu, habari za jioni.

Tunajenga Bwiru, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Msingi umeshapanda, kifusi kimejazwa, jamvi (sakafu ya zege ya chini) linamwagwa Jumamosi, na juu itakuja ghorofa moja. Tangu mume wangu anipeleke kisiwa cha Mnemba kule Zanzibar tukaogelea juu ya matumbawe na ile miwani, sijatulia. Nataka mwamba wa matumbawe ndani ya nyumba. Wa maji chumvi, ulio hai, na samaki wa baharini. Yale matangi ya mapokezi ya hoteli yenye samaki wawili na jahazi la plastiki siyataki.

Vipimo nilivyochora ni urefu mita 3, upana mita 1, kina sentimita 80. Liwe ndilo ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia, lionekane pande zote mbili. Sebule tumeipanga juu ghorofani kwa ajili ya upepo na mandhari.

Fundi vioo mmoja wa Igoma ananiambia kioo cha milimita 10 kinatosha. Shemeji yangu naye anasema tuvute maji ziwani, tutie chumvi ya Uvinza, kazi imekwisha. Mimi ni mfamasia, habari ya "tia chumvi" hainiingii akilini kirahisi hivyo.

Naomba mwongozo kwa aliyefanya kweli: kioo, maji, umeme wetu huu wa kukatika, na matumbawe yenyewe yanapatikanaje kihalali. Pesa nitaitafuta, msinitishe na hilo kwanza.

Nawasilisha.

---

Mzee_wa_Kirumba

Binti, umezungukwa na maji ya bure kilomita za mraba karibu 69,000, wewe unataka ya kutengeneza. Haya. Siku ya uzinduzi mtuite, ila sangara asikosekane mezani.

---

Baharia_NchiKavu

Dada, hongera kwa kuuliza kabla ya jamvi. Wengi huuliza wakiwa wameshapaka rangi.

Mimi ni mtu wa Tanga, fundi wa mitambo ya barafu, viwanda vya samaki ndivyo vilivyonileta huku. Nyegezi nina tangi la matumbawe la lita 900, kwa hiyo nakwambia mambo ninayoyashika kwa mikono kila asubuhi. Na jambo kubwa ni hili: usianze na kioo. Anza na chumba cha nyuma. Tenga chumba cha kama mita 3 kwa 3 kinachopakana na tangi, chenye bomba la maji, sinki, shimo la kutolea maji sakafuni, dirisha na soketi zake. Humo ndimo zitakaa pampu, tangi la chini linalopokea maji ya tangi kubwa, mashine ya kuchuja, pipa la kukorogea chumvi. Usipokuwa nacho, sebule ndiyo itakuwa karakana, na mumeo ataanza kuulizia bei ya kuuza.

Fundi wa Igoma mwambie ahsante. Maji ya kina cha sentimita 80 yanasukuma kioo chako cha mbele cha mita 3 kwa nguvu ya karibu tani moja, mchana na usiku, miaka yote. Milimita 10 hapana. Chukua 19, na juu azungushie mikanda ya kioo ili kisipinde katikati. Matundu ya mabomba yatobolewe kwenye kioo cha kawaida. Kioo kilichokwisha kutemperishwa, yaani kuimarishwa kwa joto, kikiguswa na mashine ya kutobolea kinasambaratika chote. Silikoni iwe ya kujengea akwariamu. Ile ya bafuni ina dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa viumbe vyako.

Sasa maji. Chumvi ya Uvinza ni nzuri kwenye mchuzi wa dagaa. Hiyo ni sodiamu na kloridi basi. Bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti, bikaboneti, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa hiyo kalsiamu na bikaboneti. Wewe ni mtu wa maabara, kwa hiyo nakupa namba: kalsiamu kama miligramu 420 kwa lita, magnesiamu kama 1,300, alkalini digrii 8 hadi 9, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, joto nyuzi 25 hadi 26. Ukizipata, zishikilie zisiyumbe. Tumbawe linavumilia alkalini ya 8 au ya 9. Kupanda na kushuka kila siku ndiko hakulivumilii.

Kwa hiyo utanunua chumvi maalumu ya akwariamu. Ukijumlisha tangi la chini la lita 600 una lita 3,000, na hizo zinakula zaidi ya kilo 105 za chumvi kwa mara ya kwanza tu. Baadaye kila ukibadilisha asilimia 10 ni kilo 11 hivi. Uwe na akiba ya miezi, maana huku ikikuishia hakuna duka la kukimbilia kwa bodaboda.

Maji ya kukorogea ni lazima yapite kwenye RO (mashine inayosukuma maji kwenye utando wa kuchuja madini) na kichujio cha ayoni hadi kipimo cha madini kisome sifuri. Hapa sisi tuna bahati, maji ya ziwa ni laini, madini yake hayafiki hata miligramu 100 kwa lita, kwa hiyo vichujio havichoki haraka. Lakini yana fosfati, na ya bomba yana klorini. Fosfati ndicho chakula cha mwani. Unavyoliona ziwa linageuka kijani ndivyo tangi litakavyogeuka. Halafu kumbuka presha. Tangi la juu ya paa mita 5 linakupa nusu bar tu, na RO inataka 3 au 4. Weka pampu ya kusukuma. Mashine ndogo ya lita 280 kwa siku itachukua siku 11 kujaza mara ya kwanza, na hakuna haraka.

Maji yanayotupwa na RO mwagia bustani, hayana neno. Maji chumvi yaliyotumika usimwagie hata mgomba mmoja. Lita 300 zenye kilo 11 za chumvi kila mara, udongo utakufa. Kama nyumba haijaungwa na bomba la majitaka la mji, lizungumze hilo na fundi mabomba sasa hivi.

Umeme. Hapa watu wanafikiria joto na taa, mimi nafikiria hewa. Mwanza tuko mita 1,140 hivi juu ya bahari. Kanieneo ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya Tanga, na oksijeni inayoyeyuka majini inapungua kwa kiasi hichohicho. Maji chumvi ya nyuzi 26 kule pwani yanabeba oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita. Hapa hazifiki 6. Pampu zikisimama usiku, samaki wako wana muda mfupi kuliko anaoambiwa mtu wa Dar. Nunua pampu za mawimbi zinazotumia umeme wa betri, uzielekeze zitikise uso wa maji. Pampu mbili za wati 20 kwenye betri ya 12V ya 100Ah, ukitumia nusu ya chaji tu ili betri isife, zinakupa saa 15. Taa ziache zizime, matumbawe yana uwezo wa kukaa gizani siku nzima.

Umeme ukikatika pia maji ya juu yanashuka chini. Sentimita 3 tu kwenye uso wa mita 3 za mraba ni lita 90. Tangi la chini lisijazwe hadi juu, liache nafasi ya kuyapokea, la sivyo utaamka na mazulia yanaelea.

Kwa mwezi piga hesabu hivi: pampu na skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa mapovu) wati 280 saa 24, taa wati 600 saa 9. Ni yuniti 12 kwa siku kabla ya hita wala feni. Zidisha mwenyewe kwa bei yako ya LUKU, ukiwa umekaa.

Matumbawe. Usidanganyike kwenda Mafia au kokote kung'oa. Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali cha nchi yanakotoka. Nunua vipande vilivyokuzwa shambani, vyenye makaratasi, na uwaone watu wa Idara ya Uvuvi kabla ya kulipa. Mawe ya kuyapangia nayo usichukue yaliyo hai, yaani yenye viumbe vya baharini. Mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa machimboni pwani kwa ajili ya kujengea ni chokaa yenye vitundu, yanafaa: yasugue, yaloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, pima fosfati. Bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki watayajaa wenyewe. Watie amonia kidogo, subiri wiki 4 hadi 6 mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri, ndipo samaki wa kwanza aingie. Samaki aina ya kangaja mwache awe wa mwisho, ni mbabe, anafukuza wageni.

Anza na matumbawe laini. Ila, daktari wetu wa dawa, kuna jamii ya zoanthidi, viumbe vinavyofanana na matumbawe laini, baadhi zina palitoksini, sumu kali. Usizikate bila glavu na miwani, na jiwe lenye hizo usilichemshe kamwe.

La mwisho ambalo hamtaliona kwenye picha: chumvi hutambaa. Mapovu yanarusha matone madogo, yakikauka yanaacha ukoko mweupe kwenye waya, kwenye bawaba, hadi kitasa cha mlango wa chumba cha nyuma kwangu kimeota kutu nikakibadilisha cha plastiki. Soketi ziwe juu ya usawa wa maji, na kila waya uning'inie chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, tone lidondoke sakafuni lisifuate waya. Na kikombe cha skima utakimwaga wewe, si binti wa kazi: maji mazito rangi ya chai ya mkandaa, harufu yake inafika getini. Siku kikombe kikiwa kikavu ndiyo siku ya kuwa na wasiwasi.

---

Mhandisi_Nyakato

Baharia kamaliza, mimi naongeza moja. Dada, sebule ya ghorofani isahau kwa hilo tangi. Maji peke yake kilo 2,460, kioo cha 19 kama kilo 450, mawe kilo 200, chuma cha kulibeba. Unavuka tani 3 juu ya mita 3 za mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa viwango vya Uingereza tulivyovizoea hukadiriwa kilo 150 kwa mita ya mraba. Wewe unataka mara saba.

Literemshe chini. Na hata chini, angalia limekaa wapi. Bwiru upande mmoja wa nyumba unakuwa juu ya jabali, upande wa pili juu ya kifusi ulichojaza mwezi uliopita. Kifusi kitashuka, jabali halitashuka, na kioo hakivumilii kupindishwa. Chimba mpaka ukute jabali au udongo wake wa asili, mwaga kitako cha zege chenye nondo kwa ajili ya tangi peke yake, kitenganishe na jamvi kwa kipande cha foam, ndipo umwage jamvi kukizunguka. Mhandisi wako apige hesabu za nondo, usichukue za kwangu humu mtandaoni.

---

FuruMwekundu

Naomba nivuruge mada kidogo. Tangi hilohilo, chumba hichohicho, jaza furu, hawa samaki wadogo wa ziwa letu.

Najua mtasema furu ni chambo cha sangara. Kamwangalie dume la Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu na wanasayansi mwaka 1985. Mgongo mwekundu, ubavu wa manjano wenye milia myeusi. Wako hapa hapa, kwenye visiwa vya mawe kama Makobe. Ndugu yake wa kina kifupi ana rangi ya bluu. Utafiti uliochapishwa 1997 ulionyesha kwamba maji yakichafuka jike hatofautishi nyekundu na bluu, wanachanganyika, spishi zinapotea. Sisi wenyewe tunaoishi juu ya ziwa hili hatujawahi kuwaona vizuri kwa sababu ya huo uchafu. Kwenye maji safi na taa nyeupe utakaa hapo hadi usahau chakula jikoni.

Maji ni ya bomba ukiondoa klorini. Mawe ni ya kiwanja chako. Chumvi hakuna, RO hakuna. Masharti mawili: jamii zenye majike yanayofanana usiziweke pamoja, na ukichoka usiwarudishe ziwani hata mmoja. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, kufika 1980 na kitu furu walikuwa wanatoweka. Kibali cha kuvua kaombe Uvuvi.

---

Baharia_NchiKavu

Furu ni wazuri, sibishi. Lakini dada ameuliza bahari. Mtu akitaka pilau usimpe ubwabwa ukamwambia ni wali vilevile.

---

MamaBwiru

Nimesoma yote kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Kwenye harufu inayofika getini alicheka, kwenye yuniti 12 akanyamaza.

Tumeamua hivi. Tangi linashuka chini, ukuta wa chumba cha kulia, na stoo iliyokuwa nyuma yake inakuwa chumba cha maji. Kitako cha zege mhandisi anakuja kesho kukipima, fundi nimemwambia Jumamosi asimwage. Furu nimewapenda, nitawawekea tangi dogo la lita 400 varandani, wawe wa watoto. Bahari nabaki nayo.

Majitaka ya mji hayajafika kwetu, tuna shimo. Hizo lita 300 zikiingia kwenye shimo la choo itakuwaje? Na bomba la shimo la sakafuni liwe inchi ngapi?

---

Baharia_NchiKavu

Usiziingize chooni zote kwa mpigo, bakteria wa shimo wanazimia. Badilisha lita 40 kwa siku badala ya 300 kwa wiki. Zikichanganyika na maji ya kuoga na ya kufulia chumvi inapungua nguvu, na matumbawe nayo yanapenda mabadiliko madogo madogo. Pampu ndogo yenye saa inafanya hiyo kazi usiku.

Bomba inchi 3, mteremko sentimita 2 kwa kila mita, na sakafu yote ya hicho chumba ielekee kwenye shimo. Kizingiti cha mlango kiinue sentimita 10. Vigae viende hadi usawa wa bega.