Tupeane uzoefu: Konsepti ya mradi wako wa mwisho wa usanifu wa ndani uliipata wapi?

Binti Rula (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi.

Niko mwaka wa mwisho, usanifu wa ndani. Mradi wangu ni sehemu ya kusubiria ya kliniki ya mama na mtoto. Jengo lipo tayari, mita 9 kwa 14, kazi yangu ni ndani tu. Mpaka leo nimepeleka konsepti tatu (lile wazo kuu la kuongoza mchoro mzima) kwa supavaiza na zote zimerudi. Ya kwanza ilikuwa "ua linalochanua". Ya pili "mawimbi". Ya tatu nikaiita "kumbatio", nikachora makochi ya duara kila kona, nikajua hapo nimeua. Akaiangalia kama dakika nzima, akaniuliza: "Hii tukiifuta jina tukaipeleka benki, kitabadilika nini?" Nikakosa jibu. Na ukweli ni kwamba benki ingependeza.

Juri ya kati, ile ya kutetea kazi mbele ya jopo la wakaguzi, ni Jumanne ijayo. Mliopita njia hii, konsepti uliipata wapi, ilikataliwa mara ngapi, na ikaja kufanya kazi gani kwenye mchoro? Naomba stori zenu za kweli. Yale ya "anza na mudibodi (ubao wa picha na rangi), halafu chora viputo vya matumizi" ninayo kwenye notsi, nimeyasoma hadi karatasi zimechoka.

Natanguliza shukrani.

Nyuki Mstaafu

Pole mdogo wangu. Mimi nilikuwa na mzinga wa nyuki. Mgahawa mzima pembesita: meza pembesita, taa pembesita, vigae pembesita. Mzee mmoja wa juri akauliza, mteja akija peke yake anakaa upande wa ngapi? Nikaambulia C.

Nimekaa hapa nasoma, endeleeni.

Mama Doti

Nilimaliza 2016. Mradi wangu ulikuwa karakana na duka la kikundi cha akina mama washonaji. Nikasema hapa kanga tu, nani atabisha? Nikabandika kanga ukutani, nikavisha mito kanga, nikatundika kanga darini, mpaka taa nikazivalisha. Siku ya kriti, walimu wanapokosoa kazi mbele ya darasa, mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii umeivisha, hujaipanga." Darasa likaangua kicheko. Nilitoka pale nimevimba, hata chakula sikula.

Usiku ule hosteli nikachukua kanga yangu ya kulalia nikaitandaza sakafuni. Sijui hata nilikuwa natafuta nini. Nikawa naitazama kama pleni, yaani ramani ya chumba kikitazamwa kutoka juu. Pindo limezunguka pande zote nne. Mji uko katikati. Jina limekaa mahali pamoja tu, juu ya pindo la chini, halijirudiirudii. Halafu kanga hainunuliwi kipande, inanunuliwa doti. Nikaona kumbe nilichobandika ukutani ni rangi zake tu, mpangilio wake sikuwahi kuutazama.

Nikaanza upya. Pindo likawa ukanda wa kazi unaofuata kuta: cherehani dirishani penye mwanga, rafu za vitambaa upande wa kiza ili jua lisiviunguze. Mji nikauacha wazi na meza moja kubwa ya kukatia, basi. Jina: maandishi sehemu moja tu, usawa wa macho ya anayeingia, mabango mengine yote nikafuta. Doti: vyumba viwili vya kujaribia nguo, pacha, vinatazamana, maana hakuna mwanamke ninayemjua anayekwenda kujaribu gauni bila shoga yake.

Mchoro wa mwisho haukuwa na kanga hata moja. Kuta za chokaa, nyeupe pe. Yule mama akaniuliza, "Kanga yenyewe iko wapi?" Nikapitisha kidole kwenye pleni: hili pindo, huu mji, hapa jina. Hakusema kitu, akaandika. Nilipata B+.

Penseli ya Mkoloni

Salamu kutoka Nairobi. Yangu haikutoka kwa urembo wowote, ilitoka kwa kuhesabu watu.

Nilikuwa nafanya maktaba ya mtaa. Konsepti ya kwanza ilikuwa "mti wa maarifa", na najua kuna wengine hapa mmeichora na mmenyamaza. Supavaiza akaikataa hata kabla sijaketi. Akaniambia niende maktaba yoyote nikae siku nzima bila kuchora. Nikaenda siku mbili, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na daftari. Siku ya kwanza waliingia watu 64. Waliogusa kitabu cha rafuni walikuwa tisa. Wale wengine wote walikuja na notsi zao, laptopu zao, chai kwa thamosi wameificha kwa begi. Soketi za umeme zilikuwa nne, na chini ya kila soketi kulikuwa na mtu ameketi sakafuni, mgongo kwa ukuta.

Hapo ndipo nikapata: "maktaba ya wanaokuja na vitabu vyao". Si jina tamu, lakini liliamua kila kitu. Rafu zilikuwa zimejipanga dirishani zikikula mwanga wote, nikazirudisha ndani. Mtu anayesoma mezani anahitaji kama lux 500 (kipimo cha mwanga), rafu inatosheka na chini ya nusu ya hiyo. Ukingo wote wa dirisha ukawa viti. Soketi kila kiti.

Kosa langu: nilihesabu siku za kazi pekee. Kwa juri mtu akauliza, "Na Jumamosi?" Nikarudi Jumamosi. Watoto! Wamejaa hadi ngazini, mmoja amelala kifudifudi kwa ngazi ya tatu akisoma. Nikabadilisha pleni yote na siku tisa zimebaki. Kwa hivyo dada, ukienda kuangalia, enda siku tofauti tofauti.

Boriti la Mkoko

Assalaam alaykum. Mimi wa Unguja. Kwangu konsepti aliniletea fundi, na alinipa bure.

Nilitaka kufanya hoteli ndogo ndani ya nyumba kongwe Mji Mkongwe. Konsepti yangu nikaiita "uwazi". Ukumbi wa mapokezi upana mita 7, ukuta wa kati naubomoa, mgeni akiingia anaona mpaka uwani. Nilikwisha kuufanyia na picha za kompyuta, zinang'ara wallahi. Nikamchukua mzee mmoja fundi wa kukarabati nyumba hizi, nikamuonesha kwenye simu. Akatazama, akanirudishia simu taratibu. "Mwanangu, ukuta huu ukiutoa, boriti zitalalia wapi?"

Akanisimamisha chumbani akanambia nitazame juu. Dari zile zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki sana mita 3. Ndio maana vyumba vya nyumba za zamani vya pwani, Unguja na Lamu vilevile, ni vyembamba na virefu. Mimi nikidhani ni mtindo wa kale, kumbe mti ndio uliopima. Kuta nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita, na zina kazi ya kubeba. Mwezi wa Disemba mwaka ule ule, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la Mji Mkongwe, ikaporomoka. Baada ya hapo sikuweza tena kuufungua mchoro wangu wa "uwazi".

Nikageuza kichwa chini miguu juu. Konsepti ikawa upana wa boriti moja. Mgeni anatoka barazani, anapita dakani (kijukumbi cha mlangoni), anaingia chumba chembamba cha kwanza, kisha cha pili, na kila akipita mwanga unapungua na sauti ya njiani inafifia. Halafu ghafla uwani, jua lote. Mapokezi nikayaweka kwenye chumba cha kwanza, meza imewekwa kwa urefu, haikai katikati. Vidaka vya ukutani, ambavyo zamani watu waliwekea sahani zao za kaure, vikawa pahala pa funguo za vyumba. Sikuvunja hata jiwe moja.

Fundi Jumla

Samahanini, naomba niwe mkorofi kidogo. Niko saiti mwaka wa nane huu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza konsepti. Wananiuliza bei, na wananiuliza lini naondoa vumbi. Hizi konsepti ni za kufurahisha juri. Andika maneno matamu upite, maisha yaendelee.

Mkaa Juri

Fundi Jumla, nimekuelewa, na nusu ya unachosema ni kweli. Mimi nina ofisi, na kila mwaka naitwa kukaa juri chuo kimoja. Mteja haulizi konsepti. Lakini katikati ya kazi mteja atakuambia hela imepungua, toa theluthi. Utatoa nini? Asiye na konsepti anapunguza kila kitu kidogo kidogo, kazi inatoka mbovu kote. Mwenye nayo anajua kipi kitoke kwanza na kipi hakitoki hata kwa dawa.

Wanafunzi wengi wanachanganya mada na konsepti. Bahari ni mada. Ua ni mada. Inakuambia uchore nini, haikukatazi chochote. Mimi nikikaa juri nina swali moja tu: konsepti yako imekukataza nini? Mama Doti ilimkataza maandishi kila mahali. Wa Unguja ilimkataza kubomoa. Wa maktaba ilimkataza kuweka rafu dirishani. Kama haijawahi kukunyima kitu ulichokuwa unakitaka, ulichonacho ni jina la faili.

Na mwaka huu kuna hili jipya la picha za akili mnemba. Kijana ametundika picha kali kweli, nikahesabu madirisha matatu. Kwenye pleni mawili. Nikamuuliza la tatu linatazama wapi. Akaanza kutafuta, naye masikini alikuwa analiona siku ile ile.

Fundi Jumla

Hiyo ya hela kupungua nimeikubali mkuu. Yamenikuta.

Binti Rula (mleta mada)

Jamani asanteni. Nimerudi na mrejesho. Baada ya kusoma ya maktaba nilikwenda kliniki, Alhamisi na Ijumaa, na Jumatatu hii tena. Niliomba ruhusa kwa muuguzi mkuu, nikakaa kwenye benchi kama wengine.

Kliniki ile foleni ni benchi. Akiitwa mmoja, wote mnasogea makalio, kiti kimoja mbele. Nilihesabu: kutoka mwisho wa benchi la mwisho hadi mlangoni, mama anasogea mara 31. Mara 31 na mtoto mapajani, begi, kadi ya kliniki mdomoni maana mikono haitoshi. Kuna dada alikuwa mbele yangu, mtoto wake alikuwa amelia tangu asubuhi, hatimaye akalala. Yule dada akawa hataki kusogea. Benchi lote linamgombeza, "sogea bwana", naye amemfunika mtoto na kanga amekaa kimya kama hasikii. Alipolazimika kusogea, mtoto akaamka. Nilitaka kulia mimi.

Konsepti yangu ni "asiamshwe".

Nimejaribu swali la Mkaa Juri, imenikataza mengi hadi nimeogopa. Imenikataza benchi la kusogea, kwa hiyo mama anapoingia anapewa kibao cha mbao chenye namba, zamu iko mkononi, anakaa anapotaka. Imenikataza kipaza sauti. Imenikataza viti vya kuburuta. Mizani ya kuning'inia, ambako kila mtoto akivalishwa kile kibukta anapiga kelele, imehamia nyuma ya ukuta usiofika darini, upande upepo unakotokea kwenda nje, ili hewa isizibwe. Na kitu ambacho nisingekijua bila kukaa pale: mtoto akilala mapajani anatazama juu. Zile taa za darini zote zinampiga machoni yeye. Taa nimezishusha ukutani, zinamulika ukuta.

Makochi ya duara yamekwenda. Yaliniuma kidogo.

Mkaa Juri

Hiyo ipeleke. Ila jiandae, watakuuliza mama akisinzia na kibao mkononi bila kipaza sauti atajuaje zamu yake imefika.

Binti Rula (mleta mada)

Hilo muuguzi aliniuliza pia! Nimeweka ubao wa namba sehemu mbili, na viti nimevipanga kwa makundi ya watano wanaotazamana, jirani amguse jirani. Wenyewe ndivyo wanavyofanya hata sasa.

Nyuki Mstaafu

Weka pleni tuione basi.

Binti Rula (mleta mada)

Kesho, stesheneri wameshafunga na laptopu yangu haina chaji. Ila kuna kitu kinanisumbua: sakafu. Vigae vinapiga kelele ya viatu, na wakidondosha chuma cha mizani ndiyo balaa. Nafikiria mpira wa sakafu, ule wa kubandika kwa gundi, lakini pale wanadeki kwa klorini mara mbili kwa siku. Kuna aliyewahi kuuweka hospitali? Ulidumu muda gani kabla viungo havijaanza kuinuka?