Makaa ya mawe na dizeli: tupige hesabu upya

Wadau, kila mafuta yanapopanda bei hoja hii huibuka: eti reli zilikosea kuacha vichwa vya treni vya mvuke, maana makaa ya mawe ni bei chee. Mimi naona anayesema hivyo hajapiga hesabu, na anayemcheka naye hajapiga.

Kilo 1 ya makaa mazuri ina nishati ya megajuli 25 hivi. Kichwa cha mvuke cha kawaida kinavuna asilimia 6 tu ya hizo. Zilizobaki zinapaa na moshi na mvuke. Unaambulia megajuli 1.5 za kuvuta mabehewa. Lita 1 ya dizeli ina megajuli 36, na kichwa chake kinavuna karibu asilimia 30, yaani kama 11. Kwa hiyo lita 1 inafanya kazi ya kilo 7 za makaa. Ukilinganisha bei ya kilo moja na ya lita moja, unajidanganya.

Lakini kuna mahali kilo 7 bado ni rahisi kuliko lita: mlangoni mwa mgodi. Kampuni ya reli ya Norfolk and Western ya Marekani, iliyojengeka kwenye migodi ya makaa, ilishindanisha mvuke na dizeli mwaka 1952, na matokeo yakakaribiana mno. Ikang'ang'ania mvuke hadi 1960.

Sasa iliacha kwa nini? Vipuri viliadimika, na gereji ikawa inakula fedha kuliko tanuri. Tena mvuke unakula hata umelala. Boila ikipoa, kuipasha upya ni saa kadhaa, hivyo moto unaachwa ukiwaka usiku kucha, fayamani, mchochea moto, yupo na koleo lake, treni haijasogea hata hatua. Asubuhi kuna jivu la kuzoa na maji ya kujaza. Makaa yenyewe yanabebwa na reli hiyo hiyo hadi karakana, na gharama hiyo watu huisahau. (Dizeli nayo hunguruma bure ikisubiri, sikatai, ila unaweza kuizima.)

Mtu atasema mafuta yakipanda sana mvuke utarudi. Wamarekani walijaribu: Januari 1985 kichwa cha mvuke namba 614 kilivuta treni za makaa huko jimbo la West Virginia ili kupata takwimu za kuunda kichwa kipya cha mvuke. Mwaka uliofuata mafuta yakaporomoka bei, mradi ukafa.

Anayepinga alete bei mbili: ya makaa yakiwa tayari karakanani, na ya dizeli ikiwa ndani ya tangi. Kisha azidishe ile ya kilo mara 7.