Mtu akianguka kifafa na pedi ya gemu mkononi, acheni ubani, acheni kijiko! Huu ubishi wa majini na fremu 60 umetuchosha

Salaam wakuu. Leo sina upole, anayeutafuta apite nyuzi nyingine.

Kila dogo akianguka kwenye kibanda cha PS (PlayStation, mashine ya gemu), akakakamaa, akatetemeka, pedi bado imo kiganjani, sisi wacheza gemu tunageuka mahakama. Upande mmoja: "Lile gemu la mizimu limemfungulia mlango, hilo ni jini." Upande wa pili, waliosoma nusu ukurasa: "Ni fremu 60 kwa sekunde, ubongo umeshindwa kubeba." Aya zinarushwa, picha za ubongo zinarushwa, matusi yanafuata. Wakati huo aliye chini ana kijiko mdomoni, mmoja kamkalia miguu, mwingine anamnusisha kiatu, na wa nne kakimbia anaogopa povu.

Tuanze na aliye chini. Ubishi utasubiri.

Angalia saa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, maana mtu akitetemeka mbele yako dakika moja utaapa zilikuwa kumi. Ondoa benchi, spika, waya wa ekstensheni na chupa za soda. Kunja fulana uiweke chini ya kichwa, legeza kola. Usimkandamize: misuli inavuta kwa nguvu zake zote, ukimshikilia kwa ubabe bega linateguka. Usitie kitu mdomoni, iwe kijiko, kidole au kitambaa. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake, umeshikana na sakafu ya mdomo. Kijiko kinachofanya ni kuvunja jino, na jino likivunjika linaelekea kwenye njia ya hewa. Maji usimpe mpaka azinduke kabisa.

Mtetemeko ukikoma, mlaze ubavu. Mkono wake ulio upande wako unyooshe pembeni, goti la upande wa pili likunje, mvute aje kwako, kisha inua kidevu kidogo ili mate yatoke nje badala ya kurudi kooni. Kaa naye mpaka ajue jina lake na mahali alipo. Akikoroma au akizungumza ovyo kwa dakika kadhaa usishangae, ubongo ndio unarudi kazini.

Mara nyingi mtetemeko wenyewe huisha ndani ya dakika 1 hadi 3. Ukifika dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, au ni mara yake ya kwanza maishani, au kaumia kichwa, hapo tafuta gari aende hospitali. Mjadala hauna nafasi hapo.

Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa kwa sababu hawezi kumeza. Likiwa na damu, kajing'ata ulimi. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa ushuzi. Ndiyo, ushuzi! Imani hiyo ipo huku kwetu, na kwa ajili yake watu wameachwa waungue kwenye mafiga huku majirani wanatazama kwa mbali.

Sasa nyie wa fremu 60. Fremu 60 maana yake picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde, lakini picha mbili zinazofuatana karibu zinafanana, kwa hiyo mwanga haukatiki. Kinachouchokoza ubongo wa mtu mwenye tatizo hilo ni mwanga unaowaka na kuzima, au weusi na weupe vinavyopishana, kati ya mara 3 na 30 hivi kwa sekunde. Nyekundu iliyokolea ni mbaya zaidi. Tarehe 16 Desemba 1997 huko Japani, katuni ya Pokémon ilirusha mmweko wa nyekundu na buluu kama mara 12 kwa sekunde, kwa sekunde chache tu, na watoto wapatao 685 wakapelekwa hospitali. Walikuwa wanatazama tu, hakuna aliyeshika pedi. Kanuni za matangazo ya televisheni Uingereza nazo zinataka mimweko isizidi 3 kwa sekunde. Na Desemba 2020, gemu la Cyberpunk 2077 lilipotoka na sehemu yenye taa zinazomweka usoni mwa mhusika, watengenezaji walilazimika kuirekebisha ndani ya siku chache baada ya mwandishi aliyekuwa akiijaribu kuanguka.

Mkitaka sayansi, itumieni kwenye vibanda vyenu. Runinga ya inchi 55 kwenye chumba cha mita 2 kwa 3, taa imezimwa eti gemu linoge, madogo wamekaa nusu mita kutoka kwenye kioo. Kioo kikijaza macho yote, sehemu kubwa zaidi ya ubongo inapigwa na mmweko kwa wakati mmoja, na giza linaufanya mmweko uwe mkali zaidi. Dawa yake ni rahisi: benchi lirudi nyuma mita 2 au zaidi, taa ya chumba iwake, mwanga wa runinga upunguzwe, na kwenye mipangilio ya gemu zima mimweko kama chaguo hilo lipo. Ile taa ya tyubu inayopepesa kila jioni ibadilishwe starta au itolewe. Anayehisi macho yanazunguka au mkono unaruka wenyewe, afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kope zinapitisha mwanga, na unaopita unakuwa mwekundu.

Na nyie wa majini: Mahenge, kule Ulanga mkoani Morogoro, Dk. Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, wagonjwa wakawa wengi, akawatibu kwa fenobabito, dawa ya kifafa. Mahenge ya 1960 haikuwa na PS. Jini lenu la gemu lilikuwa wapi?

Nawasilisha.

#2
Mkuu, huduma ya kwanza umeieleza vizuri, hapo sikupingi. Ila mnapenda kuwavua watu imani kwa mlango wa nyuma. Majini yapo, Qur'ani ina sura nzima. Na Ibn al-Qayyim, mwanachuoni mkubwa, kaandika wazi kwamba mtu huangushwa na pepo. Sasa daktari wa mtandaoni atatuambia nini?

#3
Ustadhi, maliza sentensi. Ibn al-Qayyim kaandika aina mbili za kuanguka. Ya kwanza ni hiyo unayoitaja, ya pili ni ya mwili, ile wanayoishughulikia matabibu. Mnanukuu nusu ya kwanza, ya pili mnaiacha kwenye jalada.

Haya, tuseme zote zipo. Kwa dakika 5 ulizonazo, dogo anatetemeka sakafuni, utazitofautishaje? Huwezi. Basi mlaze ubavu, na wakati umemlaza ubavu soma unachotaka kusoma, mikono na ulimi havigombani. Ubani ndio hapana. Chumba hakina dirisha, mtu anapumua kwa kukoroma, wewe unamwongezea moshi.

Na hadithi mnayoiruka iko kwa Bukhari: mwanamke aliyekuwa akianguka alikwenda kwa Mtume (s.a.w.). Akapewa hiari, asubiri na malipo yake ni Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua asifunuke anapoanguka. Hakufukizwa, hakuchapwa. Basi leo mkitaka kufuata, mfunikeni kanga na zimeni kamera. Anayemrekodi mtu aliyejikojolea ili apate vicheko hana hoja ya dini wala ya sayansi.

#4
Upande wetu wa Biblia nako kuna vituko. Mathayo 17:15, Biblia yetu ya Kiswahili yenyewe imetaja kifafa kwa jina, na inasema kijana alikuwa anaanguka motoni na majini. Kuna wanaosoma hapo wakashangilia: "Umeona, MAJINI!" Jamani, ni kwenye maji. Maji, majini; nyumba, nyumbani. Darasa la tano hilo.

Najua mistari inayofuata inamtaja pepo, sikimbii. Mchungaji aombee. Tatizo ni pale anapomwambia mtu atupe vidonge ili aonyeshe imani. Fenobabito au kabamazepini ukiikata ghafla, ubongo uliokuwa umetulizwa unaamka kwa kishindo: anaanguka, kabla hajazinduka anaanguka tena, na kuanguka mfululizo namna hiyo kunaua. Hata aliyekaa miaka bila kuanguka hapunguzi dozi mwenyewe. Daktari huishusha kidogo kidogo, kwa wiki na miezi.

#5
Naongezea la Ramadhani, maana hapo ndipo madogo wengi wanaharibu. Wanacheza mpaka daku, wanalala kwa muda wa saa mbili tu, kidonge cha mchana kinarukwa. Kukosa usingizi peke yake kunaangusha, na kuruka dozi kunaangusha, wao wanaunganisha vyote viwili. Dawa ya mara moja usiku haina shida sana na saumu. Ya mara mbili au tatu kwa siku, mtu amwone daktari kabla ya mwezi kuandama ili apangiwe saa au abadilishiwe aina, asijipangie. Akiambiwa hawezi kufunga, Al-Baqara 184 na 185 imempa ruhusa. Kuikataa ruhusa hiyo halafu uangukie jikoni kwenye mafuta ya sambusa sio ucha Mungu.

#6
Kifafa kingine si kinatokana na minyoo ya nguruwe? Sisi tusiokula kitimoto tupo salama, Mungu alishatukinga. Sayansi imekuja kuthibitisha tu.

#7 (mleta uzi)
Ndugu yangu wa #6, hapo umetuletea mfano wa ubishi wenyewe, nusu kweli nusu kiburi.

Tegu wa nguruwe ana safari mbili. Ukila kitimoto kisichoiva chenye vifuko vyake, unapata mnyoo tumboni, na mnyoo wa tumboni hauangushi mtu. Ule wa ubongoni unaupata kwa kumeza MAYAI, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo, si kwenye nyama. Yanafika kwako kwa mkono usionawa, kwa mchicha ulionyweshewa maji machafu, kwa kachumbari. Yakianguliwa tumboni, mabuu yake yanasafiri kwa damu hadi ubongoni na kujenga vifuko, na kifuko kinapokufa panavimba, mtu anaanguka. Kwa hiyo muuza chipsi asiyenawa baada ya choo anaweza kumpa ustadhi aliyeswali sala tano bila kukosa. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliripoti ugonjwa huu kwa Wayahudi washika dini ambao nguruwe hawamgusi, na chanzo kilichoshukiwa ni wafanyakazi wa nyumbani waliobeba mnyoo. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika pedi iliyoshikwa na watu 40 tangu asubuhi. Hiyo pedi ifutwe pia, inanata.

#8
Swali la mwenye kibanda. Nikijua dogo ana kifafa nimkataze kucheza? Na je, kila anayeanguka ni kifafa? Chumba changu ni bati tupu, saa nane mchana ni tanuri.

#9 (mleta uzi)
Usimkataze kwa kusikia jina la ugonjwa. Katika watu 100 wenye kifafa, wanaoangushwa na mimweko ni 3 hivi, zaidi wakiwa watoto na vijana. Hospitali humjua kwa kumpima umeme wa ubongo huku taa inamwekeshwa mbele yake kwa kasi tofauti. Asiye miongoni mwa hao 3 anaweza kucheza kama wenzake, mradi amelala, amekula na amemeza dawa. Muulize nani apigiwe simu akianguka, andika namba ukutani.

La bati: hapana, si kila kuanguka ni kifafa. Aliyezimia kwa joto na njaa hubadilika rangi, hutoka jasho jembamba, hulegea kama kitambaa, na ukimlaza chali ukainua miguu huamka chini ya dakika moja akijua alipo. Anaweza hata kurukaruka mara mbili tatu, isikuchanganye. Wa kifafa hukakamaa kwanza, ndipo hutetemeka kwa mpigo, na akiamka hajui ni leo au jana. Mwenye kisukari ni habari nyingine: sukari ikishuka hutetemeka na kuropoka, na akiwa bado anameza mpe soda yenye sukari upesi. Akiwa hamezi, usimimine kitu, mkimbize hospitali. Toboa dirisha, weka feni, na mashindano ya kukesha hadi alfajiri kwa madogo wa miaka 13 yafute.

#10
Mkuu, nimeshabandika hatua zako ukutani kwa karatasi. Kijiko je? Kipo juu ya runinga tangu mwaka jana, kwa dharura.

#11 (mleta uzi)
Kirudishe kwa mama ntilie, anakitafuta.