Mjadala: Nusu saa ya majaribio inatosha kuchagua kati ya GS, Africa Twin na Ténéré?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Naleta swali ambalo tunalikwepa kila mtu anapotaka kununua pikipiki kubwa ya safari ndefu. Tunabishana BMW au Honda, Yamaha au Triumph, na mwisho tunamwambia mnunuzi, "Nenda kaziendeshe zote, utajua mwenyewe." Anakwenda. Anapewa ufunguo, anazunguka mitaa miwili ya lami akiwa peke yake, hana boksi, hana abiria, tangi lina lita chache. Anarudi anatabasamu, analipa hela ambayo ingemaliza nyumba.

Msimamo wangu: majaribio ya namna hiyo hayalinganishi pikipiki za safari. Muuzaji anayetaka hela yetu atupe siku nzima, na mzigo juu yake, hata ikibidi tulipie.

Tuchukue BMW R 1300 GS na Honda Africa Twin 1100, maana ndizo zinazotugombanisha zaidi. GS ina nguvu za farasi 145, Africa Twin 102. Tofauti hiyo unaisikia kabla hujafika taa za kwanza, na ndiyo inayowalevya watu. Sasa toka Chalinze uelekee Iringa. Vijijini ni 50 kwa saa. Kuna matuta. Ndani ya Mikumi barabara inapita katikati ya hifadhi, twiga wanavuka wanapotaka. Baada ya Ruaha Mbuyuni unaanza mlima Kitonga nyuma ya malori. Katika safari nzima hiyo, zile farasi 43 za ziada utazihitaji mara chache, pale unapotaka kulipita lori kwenye mlima na nafasi ni fupi. Nakiri hapo zina thamani kubwa, kwa sababu kulipita lori haraka ni usalama. Lakini muda mwingine wote utakuwa unaishi na mambo ambayo hukuyapima.

La kwanza ni uzito. R 1250 GS, ambayo wengi wetu tunaitafuta ikiwa imetumika, ina kilo 249 ikiwa na mafuta, na uzito wote unaoruhusiwa ni kilo 465. Kwa hiyo umebakiwa na 216. Weka dereva mwenye kilo 85 na mavazi yake, weka abiria wa 70. Zimebaki 61, na humo zitoke boksi tatu zenyewe tupu, hema, vifaa, maji na zawadi za nyumbani. Na hii ni moja ya pikipiki zinazobeba mzigo mkubwa. Nani kati yetu aliwahi kuambiwa hesabu hiyo kabla ya kulipa? Ukipakia bila kukaza springi ya nyuma, mkia unalala, taa inamulika matawi ya miti badala ya barabara, na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Pikipiki ile uliyoisifu jana inakuwa nyingine kabisa.

La pili ni upepo. Kioo cha mbele huwezi kukihukumu mjini. Kwa spidi ya 40 kila kioo ni kizuri. Ukifika 100 ndipo unajua kama upepo unapita juu ya helmeti au unaipiga kwenye paji la uso, na jibu linategemea urefu wako wewe, si sifa za gazeti. Mtu mwenye futi tano na nusu na mwenye futi sita na inchi mbili watatoka kwenye pikipiki ileile na ripoti mbili zinazopingana, na wote wawili watakuwa wakweli.

La tatu ni kiti. Kiti laini kinashinda majaribio ya nusu saa na kinashindwa saa ya tatu, povu likishalala. Hili halina njia ya mkato. Ni kukaa tu.

Mafuta nayo. Yamaha Ténéré 700 ina tangi la lita 16, na kwa takwimu za kiwandani, yaani lita 4.3 kwa kilomita 100, unapata kama kilomita 370. Africa Twin Adventure Sports ina lita 24.8 na inakaribia 500. Hayo ya karatasi yanajulikana. Yasiyojulikana ni unywaji ukiwa umepakia, upepo uko mbele yako na boksi zimetanuka pembeni. Nusu saa haikupi jibu hilo.

Karibuni. Mwenye hoja kinzani aje nayo.

Mchangiaji (Nairobi)

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi upande wa mauzo, kwa hivyo wacha niseme ya upande wa pili.

Muuzaji ana pikipiki moja tu ya majaribio kwa kila modeli, wakati mwingine hana hata hiyo. Anayekuja kuijaribu mara nyingi ametoka kwenye Boxer au TVS ya cc 150, na leo anataka kukalia R 1300 GS ya kilo 237. Akiiangusha kwenye mteremko wa lango, hata kabla ya kufika barabarani, gharama ni ya nani? Bima nyingi hazimlindi mtu anayeondoka na chombo cha duka kwa siku nzima, na akipata ajali kubwa huko Naivasha, kesi inarudi dukani. Unaposema "watupe siku nzima" unamwomba mfanyabiashara abebe hatari ya mtu asiyemjua.

Halafu naona unaidharau nusu saa. Mimi nimeona nusu saa ikiokoa watu wengi. Kazi yake ni kukuonyesha ile isiyokufaa. Miguu yako haifiki chini, utajua mara moja. Ténéré kiti chake kiko milimita 875 juu, kuna mtu atapanda na kushuka hapohapo, na hiyo ni faida. Ukishindwa kugeuza kwenye nafasi ya gari moja bila kuweka mguu, umejua. Ukiona DCT ya Honda, ile isiyo na klachi ya mkono, inakuchanganya unapotambaa kwenye foleni, umejua pia. Kati ya tano utabaki na mbili. Hizo mbili ndizo za kuzichunguza kwa njia nyingine: kukodi, au kuazima kwa rafiki.

Mchangiaji (Arusha)

Mimi ni fundi, na mniwie radhi wakuu, wote wawili mnazungumzia raha ya dereva. Pikipiki ya safari ndefu ninailinganisha kwa swali moja: ikisimama Manyoni saa kumi jioni, nani ataigusa?

Anza na tairi. GS inatumia tairi isiyo na tyubu. Ukipata pancha unachomeka kizibo, unajaza upepo, unaendelea, dakika kumi. Ténéré inatumia tyubu mbele na nyuma, lazima utoe gurudumu. Hapo GS imeshinda? Ndiyo, kwa pancha ya msumari. Lakini ukigonga shimo rimu ikapinda mpaka haishiki upepo, mwenye tyubu bado anaweza kufika mjini. Na gurudumu la mbele la Ténéré ni inchi 21, sawa na Yamaha DT125 na Honda XL125 ambazo ofisi za serikali na miradi ya vijijini zimezitumia miaka na miaka. Tyubu ya inchi 21 naweza kukutafutia katika miji mingi midogo. Tairi ya mbele ya GS, ile pana ya inchi 19, utaagiza na kusubiri.

Cheni au shafti? BMW ina shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni: hupaki oili, huoshi matope, husikii kelele. Kwa barabara zetu za vumbi hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu vumbi likichanganyika na oili ya cheni linasaga sproketi. Ila cheni ikikatika nitaifunga upya chini ya mwembe. Shafti ikifa unatafuta lori la kubeba pikipiki. Vali za injini ya GS ni rahisi kuzifikia, silinda zimetokeza nje pembeni, nafungua kifuniko nimekaa kwenye kigoda. Za Africa Twin lazima nivue nusu ya pikipiki, ingawa Honda inasema zikaguliwe kila kilomita 24,000, kwa hiyo si kazi ya kila mwezi.

Na mtu wa mfuko wa kawaida asiione Royal Enfield Himalayan ya cc 411 kama pikipiki ya huruma. Silinda moja, inapozwa na hewa na oili, ina farasi kama 24 tu. Milimani itakuwa nyuma ya lori pamoja na lori. Lakini fundi wa bodaboda akiitazama haogopi. Majaribio yenu, ya nusu saa au ya siku nzima, hayatawaambia neno hata moja kati ya haya.

Mchangiaji (Mombasa)

Kaka zangu, nimesoma mpaka hapa na abiria ametajwa kama kilo 70.

Nilianza safari nikikaa nyuma, sasa naendesha mwenyewe. Naomba niseme kwa pande zote mbili. Pikipiki ya safari ya watu wawili inanunuliwa na mtu mmoja aliyeijaribu peke yake, kisha mwenzake anakaa nyuma kutoka Mombasa mpaka Nairobi, karibu kilomita 500, magoti yamekunjwa, hana pa kushika, boksi la nyuma linamgonga mgongo kila breki. Mkifika mnaambiwa hataki tena kusafiri. Angekuwepo siku ya majaribio angewaambia mapema. Kwenye springi za mbele GS ina faida ambayo abiria ndiye anayeiona kwanza: ukishika breki haiinami pua sana, kwa hiyo kofia yangu haipigi kofia ya dereva kila tuta la Mtito Andei. Hilo nalisema kwa sababu nimelipitia nyuma ya pikipiki za aina zote mbili, zinazoinama na zisizoinama.

Na mleta mada, usiwahukumu wanaovutiwa na teknolojia ya shorumu. Mimi ni mfupi. Harley-Davidson ilipoleta Pan America mwaka 2021 ikiwa na mfumo wa kujishusha unaposimama, ilikuwa mara ya kwanza pikipiki ya aina hiyo kunifikiria. R 1300 GS nayo ina mfumo huo kama kifaa cha kuongezewa: inashuka kutoka milimita 850 hadi 820 unaposimama. Sentimita tatu kwako hazina maana. Kwangu ni tofauti ya kukanyaga kwa kisigino na kukanyaga kwa vidole huku nimebeba mzigo kwenye ukingo wa lami uliobomoka. Na hiyo, ndugu wa Nairobi kasema kweli, niliijua ndani ya dakika tano.

Mchangiaji (Muscat)

Assalaam alaykum. Huku kwetu swali ni lilelile, ila barabara imenyooka. Muscat hadi Salalah ni kama kilomita elfu moja, sehemu kubwa jangwa tupu. Hapa watu hawabishani GS na Africa Twin tu, wanabishana Honda Gold Wing na BMW K 1600 GTL, zote silinda sita. Gold Wing mpya ya mwaka 2018 ilipunguzwa uzito sana, na tangi nalo likawa lita 21. BMW ina lita 26.5. Katika jangwa lile, lita tano na nusu ni utulivu wa moyo.

Sisi muuzaji hatumwombi kitu. Marafiki wawili wenye pikipiki pinzani wanatoka pamoja alfajiri, wanabadilishana kila wanapojaza mafuta. Mizigo ipo, joto lipo, upepo upo. Wenye kutaka kununua wanafuata nyuma kwa gari, nao wanapewa zamu kwenye kipande kitupu. Anzeni hivyo.

Mleta mada

Nashukuru, hasa dada wa Mombasa na fundi. Abiria naingiza kwenye msimamo wangu rasmi: asiyejaribu na abiria wake hajajaribu.

Kaka wa Muscat, kubadilishana ni kuzuri kwa wenye marafiki hao. Kijana wa Dodoma anayenunua pikipiki kubwa ya kwanza maishani hana rafiki mwenye GS. Ndiyo maana nambana muuzaji.

Na ndugu wa Nairobi, hofu yako ya bima ni ya haki, kwa hiyo sikuombi ubebe hatari bure. Nikuwekee dhamana, nilipe ada ya siku, tusaini, unione nikigeuza na kusimama uani kwako kabla sijatoka getini. Ukinikataa hapo, sawa. Nikinunua, ada ikatwe kwenye bei. Niwekee boksi zilizojaa, springi ikazwe kwa uzito huo, matairi yapimwe upepo, abiria wangu apande, twende kilomita 200 na turudi kwa barabara ileile niliyotumia kwa mpinzani wako. Kwa mtu anayelipa mamilioni, ni ombi kubwa?

Mchangiaji (Nairobi)

Si kubwa. Dhamana na mtihani wa uani nakubali kesho asubuhi. Linalobaki ni bima, na hapo naomba wenye ujuzi waje: kuna kampuni yoyote Afrika Mashariki inayouza bima ya siku moja kwa pikipiki ya majaribio, inayomhusu dereva aliyetajwa kwa jina na abiria wake? Ikiwepo, mimi nitawashawishi wenye duka. Isipokuwepo, mleta mada, ombi lako lielekeze huko kabla hujatulaumu sisi.