Eti sifuri haipewi kifaa! Wakuu, leo nimedhalilishwa mbele ya dada wa kaunta

Wakuu, nimetoka Kariakoo sasa hivi, hata helmeti ya bodaboda sijavua. Yule mtaalamu mnamjua. Yule wa vyeti ukutani mpaka rangi ya ukuta haionekani. Simtaji.

Nimemfungia mteja linki. Ruta yetu na ruta yake, vifaa viwili tu duniani, nikaweka /31, yaani fungu la anwani mbili tu za mtandao: sisi inayoishia .0, yeye .1. Net inatembea, mteja kaniagizia soda. Mara bwana mkubwa huyo kaingia, kachungulia skrini, kacheka mpaka kashika ukuta: "Dogo, sifuri haipewi kifaa! Cheti chako ni cha ufugaji kuku?" Dada wa kaunta akacheka. Narudia, DADA WA KAUNTA AKACHEKA.

/31 kwenye linki za watu wawili ipo tangu Desemba 2000, kwenye RFC 3021, waraka wa kanuni za intaneti! Aliyezaliwa mwaka ule leo ana kitambi na mkopo. Mko wawili chumbani, anwani ya kutangazia ya nini, mnamtangazia nani? /30 inakula anwani 4 mtumie 2, maana ya kwanza ni jina la mtandao na ya mwisho ya kutangazia. /24 moja, anwani 256, ukiikata hivyo unapata linki 64, kwa /31 unapata 128. Na /24 yetu imebaki kama mboga ya tarehe 28. Lakini sifuri haipewi kifaa. Haya.

Akafuta kazi yangu, akaweka /30: sisi .1, mteja .2. Sasa .2 nilishaitumia kwenye linki ya jirani, upande wetu! Akapiga pingi .2 kutoka ruta yetu, kuijaribu kama inajibu, ikajibu fasta, milisekunde 0. "Umeona kazi za wakubwa?" Mzee, hiyo ni ruta inajijibu yenyewe! Umebisha hodi chumbani kwako, ukaitikia karibu! Akanywa soda. SODA YANGU. Kaondoka, net haijarudi, na simu ya lawama nimepigiwa mimi. Yule dada nimemwacha bado anacheka.

Mzee wa Krimpa: Maelezo yote haya, kumbe kinachokuuma ni dada.

Chapati Mbili: /31 ndiyo bando gani? Ya wiki au ya mwezi?

Fundi Ngazi: Ruta gani hiyo iliyomkubalia? Yenye akili ingemgomea, anwani zinapandana. Ila na wewe, ungempa huyu .2 na .3, sifuri ukamfichia jirani. Mzee asingeiona.

Mleta uzi: Kwa hiyo niikwepe sifuri kama mdai?

Fundi Ngazi: Si umeona ilivyokugharimu soda.

Bi Mkonga: Bora wako anabishania /30. Wa kwetu ruta mbili kazipa /24 nzima! Namuuliza hizo 252 zilizobaki za nani, eti "za wageni". Na AFRINIC, wagawaji wa anwani Afrika, tangu 2020 mwisho wa kukupimia ni /22, anwani 1,024. Yeye anawatandikia wageni.

Kebo Tupu: Subirini IPv6, anwani za kizazi kipya. Nimeweka /127, ndiyo /31 ya huko, wangu akaja na RFC ya 2003 inayosema ina madhara. Nikamwonyesha ya 2011, RFC 6164, inayoiruhusu. Akasema za siku hizi hazina baraka.

Chapati Mbili: Sijajibiwa bei ya bando.

Mzee wa Krimpa: Nyie mnalilia namba. Mimi kuna fundi kafunga redio kwenye mwarobaini. Upepo ukivuma, ofisi nzima inasubiri mti utulie.

Bi Mkonga: 😂😂 Wa kwangu mwenye nyumba. Saa 4 usiku anazima ruta, eti inamaliza luku.

Kebo Tupu: Kumbe tuko wengi! Wangu anaichomoa achomeke friza la samaki. Nikilalamika ananiletea sangara wawili nikae kimya.

Fundi Ngazi: Na unakaa kimya?

Kebo Tupu: Sangara wale wakubwa lakini.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye sifuri basi.

Chapati Mbili: Huyo mwenye nyumba sangara anauza kilo shilingi ngapi?