Naomba ushauri: madereva wa malori wanatafutwa kila kona, niingie?

Mpole Tu: Wakuu, habari za muda huu. Niko ofisini mwaka wa tisa, mshahara umeganda. Kila nikifungua habari naambiwa madereva wa malori hawatoshi. Nawaza kuhamia huko. Lakini kitu kinaninyima usingizi: kama wanatafutwa hivyo, mbona waliomo wanatoka? Msinitukane, nina mawazo.

Kalamu Kavu: Tuanze na uhaba wa Uingereza 2021. Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, iliondoa madereva wengi wa Ulaya, korona ikasimamisha mitihani ya leseni, wazee wakastaafu. Oktoba wanajeshi wakaendesha malori ya mafuta. Hizo ndizo sababu.

Tela Mbili: Mkuu, umeruka moja. Wenye leseni za lori walikuwepo kibao, wamekaa nyumbani, hawataki kurudi. Nimesukuma semi miaka kumi na mmoja. Kuendesha kunazoeleka, kinachochosha ni kungoja. Unafika ghalani alfajiri, mlinzi anakupa namba, utaitwa. Jua linazama. Choo ni cha wafanyakazi wa ndani, wewe una chupa yako. Na kama malipo ni kwa kilomita, siku hiyo umetoka kapa. Mwanangu wa kwanza alianza kutembea nikiwa foleni ya kushusha saruji.

Bi Msimamo: Mwanaume wa lori hana nyumba. Nimemaliza.

Utingo Msomi: Japani Aprili 2024 waliwawekea madereva kikomo cha saa 960 za ziada kwa mwaka, wenye mizigo wakaanza kulia itakwama. Yaani miaka yote mizigo ilikuwa inasafiri kwa usingizi wa watu!

Nauliza Hivi: Mtoa mada, ofisini bado upo au ulishatoka?

Mpole Tu: Mkuu, hilo si la msingi.

Nauliza Hivi: Ndilo lenyewe.

Mpole Tu: Haya. Barua ya kuacha kazi nilipeleka Ijumaa. Kuna kampuni imenilipia mafunzo na leseni, nimesaini kuitumikia miaka miwili; nikitoka kabla, narudisha gharama zote. Ila sioni tatizo. Anayekulipia masomo si anakuthamini?

Tela Mbili: Kampuni ambayo madereva wake wanakaa haina haja ya kuwafunga kwa karatasi. Hao wanajua ukifikisha miezi sita utataka kukimbia.

Mpole Tu: Wengine waliondoka kwa uvivu. Mimi si mvivu.

Mzee wa Kuchuja: Chai hii. Mwezi jana ID hii hii ilikuwa inatafuta mchumba, ikasema ni dereva wa semi mwenye uzoefu. Leo ni karani? Huyu ni dalali wa hiyo kampuni.

Bi Msimamo: Kumbe ni wewe! Nilikuandikia inboksi, mbona kimya?

Mpole Tu: Dada, samahani. Wakuu, pale nilitanguliza cheo kidogo tu. Udalali sina, na mkataba ni wa kweli kabisa.

Kalamu Kavu: Nyie oaneni, uzi ufungwe.

Tela Mbili: Posa baadaye. Wewe mtoa mada, kama mkataba upo, nitajie kifungu kimoja: saa za kusubiri kupakia na kushusha zinalipwaje?

Mpole Tu: Ngoja niutoe begini.

Utingo Msomi: Tunasubiri. Bure.

Mpole Tu: Nimesoma kurasa zote nne mara mbili. Neno kusubiri halimo.