Tupeane uzoefu: mliokaa na omeprazoli muda mrefu

Nyamagana: Leo nimemsikia muuzaji wa duka la dawa akimwambia mama mmoja ameze omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kila atakapohisi kiungulia, nami nikakumbuka tabu niliyoipata nilipotaka kuachana nayo. Niliiacha ghafla baada ya kuitumia kwa miezi mingi, na kiungulia kilichofuata kilikuwa kikali kuliko kile kilichonipeleka hospitali, hata nikaamini kwamba vidonda vya tumbo vimefumuka upya. Daktari alinieleza kwamba tumbo lililozuiwa kutoa asidi kwa muda mrefu huitoa kwa pupa pindi kizuizi kinapoondolewa, na kwamba hali hiyo hutulia yenyewe baada ya wiki kadhaa. Tukapunguza taratibu, siku nameza na siku naruka, huku nikitafuna magnesiamu, vidonge vya kutuliza asidi, moto ulipozidi. Waliopitia hayo naomba watueleze.

Mama Swaumu: Umenisemea. Kila nilipojaribu kuiacha, nililala nimekaa.

Mkulima wa Rungwe: Mimi nilikunywa maji ya kabichi na maziwa ya moto kila asubuhi, nikapona bila kugusa kapsuli hata moja. Dawa za viwandani zinatufanya watumwa.

Kijana wa Maabara: Mzee wangu, shikamoo, lakini nafuu na kupona ni mambo mawili. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha yenyewe huchochea tumbo kutoa asidi zaidi. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye haondoki kwa kutulizwa. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alichoka kubishiwa juu ya bakteria huyo, akanywa maji yaliyojaa bakteria hao na kupata mchochota wa tumbo. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobeli. Kabichi haikutajwa.

Mkulima wa Rungwe: Marahaba. Huyo Mwaustralia alikunywa vijidudu, mimi nilikunywa mboga. Wasomaji waamue ni nani kati yetu mwenye akili timamu.

Abiria wa Tunduma: Samahani kwa kuwakatiza, lakini habari hizi zimenirudisha kwenye safari ambayo sitaki kuirudia. Baba yangu mdogo alikuwa na maumivu ya goti, akawa anameza dawa ya maumivu, diklofenaki, asubuhi na jioni, mara nyingi kabla ya kula, na hakuna muuzaji aliyewahi kumuuliza lolote. Tulikuwa kwenye basi la kuelekea Dar es Salaam, tumekwisha kupita Makambako, akalalamika kizunguzungu. Basi liliposimama ili abiria wachimbe dawa, alirudi akaninong'oneza kwamba choo chake ni cheusi ti, kinanata, na kina harufu ambayo hajawahi kuisikia. Kabla hatujafika Iringa alitapika damu iliyoganda, yenye rangi ya kahawa, mbele ya watu wote; mama aliyekaa nyuma yetu akatoa kanga yake tumfutie, na dereva akakataa kusimama popote mpaka lango la hospitali. Aliongezewa damu, akachomwa omeprazoli kwenye mshipa, kisha wakamwingiza mpira wenye kamera na kukikuta kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba hakuwahi kusema tumbo linamuuma, na madaktari walitueleza kwamba dawa hizo za maumivu zinaweza kuuficha uchungu wa kidonda zilichokileta zenyewe.

Mama Swaumu: Pole sana, ndugu yangu. Yu hai?

Abiria wa Tunduma: Yu hai, anakula ugali, na goti bado linamuuma. Sasa anatumia parasetamoli.

Mbishi wa Ujiji: Dereva huyo anastahili kupandishwa mshahara. Na kabichi ingemsaidia nini mzee wa watu?

Mkulima wa Rungwe: Sikusema anywe kabichi akitapika damu. Soma vizuri.

Kijana wa Maabara: Choo cheusi hakisubiri asubuhi, tukubaliane hapo, mengine tuendelee kubishana.

Mbishi wa Ujiji: Dozi ya siku 14 ya kuua bakteria huyo, yaani omeprazoli, amoksisilini na klaritromaisini, mliimalizaje? Mdomo wangu ulijaa uchungu wa chuma hadi chai sikuitamani.

Nyamagana: Nilivumilia. Jirani yangu aliiacha katikati maumivu yalipokwisha, na baadaye alibadilishiwa dawa.

Mama Swaumu: Mimi omeprazoli huimeza pamoja na chai.

Mbishi wa Ujiji: Mimi niliambiwa usiku, tena baada ya kula.

Kijana wa Maabara: Kwa kawaida ni nusu saa hivi kabla ya kifungua kinywa. Omeprazoli hufunga pampu za asidi zilizo kazini tu, na chakula ndicho kinachoziamsha, kwa hiyo dawa inapaswa kutangulia. Wala msiitafune, kwa maana chembe zake zimevikwa ganda la kuzikinga na asidi ileile.

Mama Swaumu: Mwanangu, Jumatatu napeleka choo kipimwe bakteria huyo. Niendelee kumeza?

Kijana wa Maabara: Mama, muulize daktari kama unaweza kuiacha kwa wiki 2 kabla ya kipimo, kwa sababu dawa huwapunguza bakteria na majibu yanaweza kukudanganya.

Mama Swaumu: Basi Jumatatu siendi. Magnesiamu inaruhusiwa?